Shajara ya mradi: faharasa ya matangazo ya riwaya katika majarida ya Marekani, 1900–1914

Wiki ya 1: kusaka nakala zenye matangazo yake

Faharasa hii inakusanya matangazo ya riwaya mpya yaliyotoka katika majarida ya mwezi ya Marekani kuanzia 1900 hadi 1914. Kwa kila tangazo tunaandika lilitoka lini, lilikaa wapi ndani ya toleo, lilichukua nafasi kiasi gani na lilisema nini, neno kwa neno. Tunaanza na Scribner's, McClure's, Harper's Monthly na Century.

Kikwazo cha kwanza anakijua kila aliyewahi kushughulika na majarida haya. Maktaba zilipojalidi matoleo sita kuwa juzuu moja, mjalidi alitoa majalada ya matoleo na kurasa zote za matangazo, akabakiza makala na hadithi. Matangazo yalinenepesha juzuu, na wakati ule hakuna aliyeona yana thamani. Juzuu hizo zilizopunguzwa ndizo zilizoskaniwa kwa wingi baadaye, kwa hiyo sehemu kubwa ya kinachopatikana HathiTrust na Internet Archive, maktaba za mtandaoni, ni jarida lililomenywa. Watafiti wa Modernist Journals Project, wa vyuo vikuu vya Brown na Tulsa, wamelisema jambo hili kwa miaka mingi na wakahangaika kuskani matoleo kamili. Scribner's waliyoiweka mtandaoni ndiyo tunayoianzia.

Anayetaka kujua kama juzuu imekatwa asitegemee namba za kurasa. Matangazo yalikuwa na namba zake peke yake, au hayakuwa nazo kabisa. Ukiyang'oa yote, ukurasa wa 128 bado unafuatwa na wa 129. Tazama badala yake kama kuna jalada la mwezi, kama kuna ukurasa wa yaliyomo wa toleo lenyewe (wa juzuu hauhesabiki), na kama kwenye mshono kuna visiki vya karatasi iliyokatwa. Kwenye picha za mtandaoni visiki havionekani, kwa hiyo inabidi kupitia kila kiungo kati ya mwezi mmoja na mwingine. Hutokea mjalidi akasahau, na toleo moja kati ya sita likabaki na kurasa zake zote. Usiifute juzuu kwenye orodha kwa kuangalia mwanzo wake tu.

Toleo kamili ni nene kuliko mtu anavyotarajia. Tangu 1885 posta ya Marekani ilisafirisha majarida kwa senti 1 kwa ratili, matangazo yakiwemo, na matoleo ya Desemba ya majarida makubwa yalibeba zaidi ya kurasa 100 za matangazo. Toleo la Desemba ambalo ni jembamba kama la Agosti, liweke kwenye orodha ya kutiliwa shaka.

Wiki ya 2 na ya 3: kupima nafasi

Nafasi iliuzwa kwa mstari wa ageti. Huo ni urefu wa kupimia safu, mistari 14 kwa inchi, na hauna uhusiano na mistari ya maandishi unayoisoma. Kosa hili lilijitokeza siku ya kwanza kabisa ya uingizaji: tangazo la robo ukurasa liliandikwa "mistari 19" kwa sababu maandishi yake yana mistari 19. Jibu sahihi ni 56.

Eneo lenye chapa kwenye ukurasa wa kawaida wa matangazo katika majarida haya ni inchi 5½ kwa 8 (sentimita 14 kwa 20 na kidogo), safu mbili. Kila safu ina mistari 112, ukurasa mzima 224. Nusu ni 112, robo ni 56, na thumuni ni 28. Nusu inaweza kulala, yaani safu zote mbili kwa kimo cha inchi 4, au kusimama, safu moja kutoka juu hadi chini. Tumetenga uga (sehemu ya kujazia taarifa) wa mkao, kwa kuwa nusu iliyosimama ilikaa jirani na mshindani wake kwenye ukurasa uleule, na hilo linaonekana katika namna ilivyosanifiwa: mpaka mnene, herufi nzito.

Kwa picha iliyoskaniwa kwa pikseli 400 kwa inchi, mstari mmoja wa ageti ni pikseli 28.6, kwa pikseli 600 ni 42.9. Pima kimo cha tangazo kwa pikseli, gawanya, kisha zidisha kwa idadi ya safu. Picha za mtandaoni mara nyingi zimeandikwa kipimo kisicho chake. Kwa hizo tunachukua kimo cha tangazo la ukurasa mzima katika toleo lilelile, tunalihesabu kuwa inchi 8, na hilo linakuwa rula ya toleo lote.

Mahali ndani ya toleo tunapaandika kwa herufi: M kwa mbele, N kwa nyuma, J2 na J3 kwa sehemu za ndani za majalada, J4 kwa jalada la nyuma. Kwa kawaida vitabu vilikaa mbele, vikafuatwa na shule. Sabuni, vyakula, piano na magari vilikaa nyuma. Riwaya ikikutwa nyuma katikati ya sabuni inastahili kuwekewa alama, maana huyo ni mchapishaji anayemtafuta mtu asiye na mazoea ya kusoma kurasa za vitabu.

Kuna uga mmoja tuliouongeza mwishoni mwa wiki ya tatu na ikabidi turudi nyuma kuujaza: "tangazo la nyumbani". Charles Scribner's Sons walikuwa na Scribner's, Harper & Brothers walikuwa na Harper's Monthly, na Doubleday, Page walikuwa na World's Work. Ukurasa mzima wa kitabu cha Harper ndani ya Harper's Monthly haulingani na ukurasa mzima ambao Macmillan waliulipia humohumo. Ukizijumlisha kurasa hizo pamoja utapata picha ya uongo kuhusu nani alitumia fedha kutangaza.

Wiki ya 4: kuskani

Kurasa za herufi tupu zinatosheka na pikseli 400 kwa inchi, rangi kamili. Ukurasa wa inchi 7 kwa 10 unakuwa pikseli 2,800 kwa 4,000, na faili isiyobanwa ni kama megabaiti 34. Picha ndizo zilizotusumbua. Wakati huo picha za kivuli zilichapwa kwa vitone, 120 hadi 133 kwa inchi kwenye karatasi laini ya majarida. Kwa pikseli 400, kila kitone kinapata pikseli 3 tu, na uso wa mwanamke kwenye tangazo unajaa mawimbi ambayo hayamo kwenye karatasi. Kwa pikseli 600 kila kitone kinapata 4.5 na mawimbi yanatulia. Faili inakuwa kama megabaiti 76. Kanuni ya mradi sasa ni 400 kwa herufi na michoro ya mistari, 600 kwa kila ukurasa wenye vitone. Ukitaka kupunguza picha kwa ajili ya kuonyesha, lainisha kwanza ndipo upunguze; ukigeuza mpangilio huo mawimbi yanarudi.

Usikate ukurasa mpaka ukingo wa tangazo. Acha karatasi yote ionekane, pamoja na kichwa cha ukurasa na namba yake hata kama ni ya Kirumi, maana bila hivyo uthibitisho wa mahali unapotea.

Programu ya kusoma herufi inafaa kwa orodha na inashindwa na herufi kubwa za mapambo. Mipaka inasomwa kama I, alama ya dola kama S, na $1.50 inakuja kama S150. Bei zote zinaingizwa kwa mkono na kukaguliwa na mtu wa pili.

Wiki ya 5 na ya 6: tarehe

Hapa ndipo kazi ilipokaa muda mrefu, na ilistahili.

Mwezi ulioandikwa kwenye jalada si mwezi tangazo lilipotungwa, na mara nyingi si hata mwezi lilipoanza kusomwa. Toleo la Novemba lilikuwa mitaani kabla Novemba haijaingia, na kurasa za matangazo zilifungwa wiki kadhaa kabla ya hapo. Chukua The House of Mirth ya Edith Wharton. Ilitoka kwa mfululizo katika Scribner's kuanzia Januari hadi Novemba 1905, na kitabu kikauzwa kuanzia 14 Oktoba mwaka huohuo. Anayesoma "Novemba 1905" kwenye jalada atadhani kitabu kilisubiri hadithi imalizike jaridani, au tangazo la toleo hilo lilichelewa. Kumbe msomaji aliyetaka kujua mwisho aliweza kuupata dukani, na mwenye jarida ndiye aliyekuwa mchapishaji wa kitabu.

Kutokana na hili tuna nyuga tatu za tarehe: mwezi wa jalada, siku kitabu kilipotoka, na tofauti kati yake. Siku ya kutoka tunaitafuta katika Publishers' Weekly, iliyoorodhesha vitabu vipya kila wiki, na katika katalogi ya hakimiliki ya serikali ya Marekani, inayoonyesha siku nakala zilipowasilishwa. Vyanzo viwili vikipingana tunaandika vyote.

Tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu maneno ya tangazo. Tangazo la mwezi wa kwanza lilitungwa kabla wahakiki hawajakifikia kitabu, kwa hiyo halina cha kunukuu. Linaegemea jina la mwandishi, kitabu chake kilichopita, jina la mchoraji, au swali la kumtia msomaji hamu. Nukuu za magazeti huanza kuonekana mwezi wa pili au wa tatu. Tangazo la mwezi wa kwanza lenye nukuu nyingi tunalirudia kukagua: ama kitabu kilitoka mapema kuliko tunavyodhani, ama nukuu ni za kitabu cha awali cha mwandishi huyohuyo, zimepangwa kwa ujanja ili zionekane za kipya. Hali hii ya pili si nadra.

Msimu nao una sauti yake. Vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba, ndiyo ya mavuno, na Desemba ni ya zawadi: picha za rangi na jalada la dhahabu vinatajwa kabla ya kisa. Majira ya kuchipua ni msimu wa pili. Juni na Julai ni riwaya nyepesi za likizo. Jarida lenye pengo la vuli lina hasara kubwa kuliko lenye pengo la Mei, na tumepanga ununuzi wa matoleo yaliyokosekana kwa utaratibu huo.

Wiki ya 7: bei

Riwaya ya jalada gumu ilitajwa kwa $1.50 mwaka hadi mwaka, na ukiona bei hiyo mwanzoni mwa karne usidhani ndiyo iliyolipwa. Maduka makubwa yalipunguza. Chama cha wachapishaji wa Marekani kilianzisha 1901 utaratibu wa bei isiyopunguzwa, kwa vitabu vingine kwanza, riwaya zikiachwa nje. Tangazo lililo chini ya utaratibu huo lina neno net baada ya bei, na mara nyingi gharama ya posta pembeni. Neno hilo dogo la herufi tatu lina uga wake. Mwingizaji akiliruka, $1.50 ya kawaida na $1.35 net zitaonekana kama kupanda na kushuka kwa bei, ilhali ni ahadi mbili tofauti: ya kwanza ni bei ya kuanzia mazungumzo, ya pili ni bei ambayo muuza vitabu hakuruhusiwa kuigusa.

Kesi iliyoamua jambo hili ilihusu riwaya. Bobbs-Merrill wa Indianapolis, nyumba iliyosifika kwa kumimina fedha kwenye matangazo, walitoa The Castaway ya Hallie Erminie Rives mwaka 1904. Fungua ukurasa wa hakimiliki: chini ya mstari wa haki kuna ilani kwamba bei ya rejareja ni dola moja net, kwamba hakuna muuzaji aliyeruhusiwa kuuza chini ya hapo, na kwamba atakayefanya hivyo atahesabiwa kuwa amevunja hakimiliki. Macy's, duka kubwa la New York, wakakiuza kwa senti 89. Mwaka 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba haki ya mwenye hakimiliki ya kuuza haifiki kwenye kumpangia bei mtu aliyekwisha kukinunua kitabu kihalali. Kwa hiyo kwa kila tangazo la dola moja net la miaka ile tunaandika pia bei ya duka kubwa pale inapopatikana kwenye magazeti ya kila siku. Bila hiyo, safu ya bei inaonyesha alichotaka mchapishaji tu.

Wiki ya 8 na ya 9: "chapa ya tatu kabla ya kutoka"

Maneno haya yapo kila mahali, na yanapaswa kunakiliwa yalivyo bila kugeuzwa kuwa nakala. Hakuna sheria iliyosema chapa moja ni nakala ngapi. Mchapishaji aliweza kupiga nakala 1,000 kwa mara, kwa mabamba yaleyale ya kuchapia, na kuita kila mara chapa mpya. Mwenzake akapiga 10,000 na kuita moja. Tunachofanya ni kupanga madai ya mchapishaji mmoja kwa riwaya moja kwa kufuata muda, bila kulinganisha nyumba na nyumba. Mfuatano ukiruka kutoka chapa ya pili hadi ya sita ndani ya mwezi mmoja, tunaacha ushahidi ubaki hivyo na kuweka alama.

Tunajali zaidi madai ya orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Jarida la The Bookman la New York lilianza 1895 kuchapa vitabu vilivyouzwa zaidi mji kwa mji, na wachapishaji wakaanza kuuchagua mji uliowafaa. Tangazo likisema riwaya inaongoza, andika inaongoza katika mji gani.

Sifa zinazozidi kipimo zilikuwa zimeshachosha watu wakati huohuo. Mwandishi Gelett Burgess alilibuni neno blurb, yaani maneno mafupi ya kukisifu kitabu, mwaka 1907, kwenye nakala za kitabu chake zilizogawiwa katika karamu ya wauza vitabu: jaladani aliweka picha ya binti akipaza sauti kusifu kitabu. Yale maneno ya jaladani na ya tangazo mara nyingi ni yaleyale, na jambo hili ni la maana kwetu, kwa sababu karatasi ya kufunikia kitabu ilitupwa na wanunuzi wengi na maktaba karibu zote. Wharton aliwalalamikia Scribner kwa sentensi iliyowekwa kwenye karatasi hiyo, iliyodai kitabu chake kimefunua pazia la jamii ya New York, akataka iondolewe. Pale ambapo karatasi ya jalada haipo tena, tangazo ndilo mahali pa kwanza pa kutafuta maneno yake.

Angalizo kwa waingizaji: kuanzia sheria ya posta ya Agosti 1912, maandishi yaliyolipiwa yakavaa sura ya habari yalipaswa kuandikwa wazi kuwa ni tangazo. Kabla ya hapo hakuna alama. Vijihabari vya waandishi vinavyotaja kichwa, mchapishaji na bei kwa pamoja tunaviingiza kwenye jedwali la pembeni, visichanganywe na matangazo.

Uga wa mwandishi nao ulileta mjadala. Harper walitoa The Inner Shrine mwaka 1909 bila jina la mwandishi, na kutojulikana huko ndiko kulikokuwa chambo: wasomaji walikisia, wengine wakamtaja Wharton. Mwandishi alikuwa Basil King. Katika nakala ya tangazo uga unabaki wazi kama ulivyokuwa. Jina la King linakaa kwenye uga wa mhariri. Ukimjaza King kwenye tangazo la 1909 umefuta sababu ya tangazo kuwepo.

Wiki ya 10: bamba moja, majarida matatu

Mchapishaji hakupanga herufi upya kwa kila jarida. Tangazo lilipangwa mara moja, likanakiliwa kwa umeme kuwa ganda jembamba la shaba lililojazwa risasi kwa nyuma, na nakala za bamba hilo zikatumwa kwa majarida. Kwa hiyo matangazo mawili yanaweza kuwa na maneno yaleyale na yakawa bamba moja au mabamba mawili, na tofauti inaonekana ukikaza macho. Tazama pembe za mpaka. Pembe iliyomeguka mwezi wa Mei na kuwa nzima mwezi wa Julai ni bamba jingine. Iliyo nzima Mei na kumeguka Julai yaweza kuwa lilelile, limezeeka. Linganisha pia mkwaruzo kwenye vitone vya picha na umbali kati ya bei na mstari wa chini, kwa kuwa bei ndiyo iliyochongolewa na kubadilishwa bila kugusa kingine. Tunaweka picha mbili juu ya nyingine kwenye programu ya picha, ya juu ikiwa na uwazi wa asilimia 50, na kuzilinganisha kwa pembe tatu. Karatasi hunywea, kwa hiyo tofauti ya milimita moja kwenye kimo chote haitoshi kusema ni mabamba mawili.

Wiki ya 11: riwaya zisizo na tangazo

Jedwali la kimya limeanza. Mfano wake ni Sister Carrie ya Theodore Dreiser: Doubleday, Page waliitoa Novemba 1900 wakitimiza mkataba, wakawatumia wahakiki nakala, lakini hawakuisukuma kwa matangazo, na ikauza nakala zisizofika 500. Upande wa pili kuna The Call of the Wild ya Jack London, 1903. Macmillan walimlipa $2,000 kwa haki zote za kitabu, na George Brett, mkuu wa Macmillan, akamwahidi kukitangaza kwa nguvu. Ahadi hiyo ilikuwa sehemu ya biashara yenyewe, na London akaikubali akijua haambulii mrabaha.

Riwaya inaingia kwenye jedwali la kimya pale tu ambapo matoleo ya miezi minne kuanzia mwezi wa kutoka yamepatikana kamili katika majarida yote manne. Toleo moja lililokatwa na mjalidi likiwemo, riwaya inasubiri. Kwa sharti hilo vuli ya 1900 bado haijatimia: McClure's ya Desemba tuliyonayo haina jalada wala yaliyomo, na nakala nyingine inatafutwa.